Waya Usiolia

Fundi Sikio hakuwa mtu wa kukaa kitako hata siku njema. Akiwa na kazi alizunguka meza yake. Akikosa kazi alizunguka karakana nzima, akihamisha makopo ambayo hayakuwa na kosa lolote pale yalipokuwa. Dada yake mkubwa alipenda kusema kwamba mama yao alimzaa safarini na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba wameshafika. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amelehemu rejeta za magari, birika, ndoo, taa, na kila kitu cha bati au shaba kilichothubutu kuvuja, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Mke wake alishafariki. Aliyebaki naye duniani, ukimwacha huyo dada, ni binti mmoja, na binti huyo alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Jina la Sikio hakupewa kwa ajili ya ukubwa wa masikio, ingawa hayo nayo hayakuwa ya kuchezea. Alipewa kwa ajili ya kipimo chake. Lehemu, kwa asiyeijua, ni waya laini wa madini: unaupelekea moto, unayeyuka, unamiminika kwenye ufa, unaganda na kuziba. Lakini ziko za namna mbili, na zikivuliwa karatasi ya dukani zinafanana kama pacha. Moja imechanganywa na risasi. Hiyo ni tamu kuifanyia kazi, inayeyuka upesi na kukaa kama uji kwa muda mpaka uipapase utakavyo, na inafaa rejeta kwa kuwa hakuna anayekunywa maji ya rejeta. Ya pili ni bati na shaba kidogo, haina risasi kabisa, na hiyo peke yake ndiyo inayoruhusiwa kugusa chombo cha chakula. Risasi haina harufu, haina rangi, na kwenye kikombe huioni. Inaingia mwilini kidogo kidogo na kukaa humo, na anayeumia kuliko wote ni mtoto, hasa yule ambaye bado yuko tumboni.

Sasa, waya wa bati ukiukunja karibu kabisa na sikio, hulia. Hutoa kijisauti chembamba, kama chembe za chumvi zinazosagwa kwa kijiko. Wa risasi hukunjika kimya. Fundi wetu alijifunza hilo kwa fundi aliyemfundisha kazi, akalifanya kuwa tamasha lake. Alikuwa akiinua mkono watu wanyamaze, anafumba macho, anakunja waya, anasikiliza, kisha anatamka neno moja: "Unalia." Na hapo hakuna wa kubisha. Watu walimletea vyombo kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya neno hilo, na wengine, tuseme ukweli, kwa ajili ya kuliona tamasha tu.

Tatizo ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limeanza kufa miaka miwili nyuma, naye hakumwambia mtu. Kwanza ilipotea saa ya ukutani. Aliutazama mshale ukitembea na hakuna sauti. Kisha ikapotea mvua ya manyunyu juu ya mabati. Akaanza kuwatazama watu midomo. Kijiweni alicheka wenzake walipocheka, mara nyingine amechelewa kidogo, na ukimuuliza angekwambia kwamba watu wa siku hizi wananong'ona kama wezi. Mimi simcheki. Mtu aliyepewa jina kwa sikio lake atamwendea nani aseme kwamba sikio halipo?

Basi alijisaidia kwa misumari. Ukutani, juu ya meza yake, kulikuwa na misumari miwili. Wa kushoto ulining'iniza roli ya lehemu ya risasi, wa kulia roli ya bati. Karatasi za dukani zilikuwa zimekwisha chanika siku nyingi, lakini misumari haisahau, na kwa muda mrefu mambo yalikwenda.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Mezani alikuwa na rejeta ya lori, ya kwanza kuletwa kwa wiki tatu. Akachukua roli ya msumari wa kushoto kama siku zote, akawasha moto wa gesi, akaugusisha waya. Waya ukakataa. Akaongeza moto. Ukajikaza, ukajikaza, kisha ukaanguka maji kwa ghafla na kuganda kwa ghafla, bila ile hali ya uji. Alipotaka kuupapasa, ulikuwa umeshakuwa mgumu.

"Wewe vipi leo?" akauuliza.

Kisha akazima moto, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshaelewa. Akakata kipande cha waya ule akakisugua kwenye karatasi nyeupe. Alama haikuonekana. Akakata kipande cha msumari wa kulia, ule wa bati, ule wa vyombo vya watu, akakisugua pembeni yake. Kikaacha mstari mweusi mnene kama wa penseli, na hicho ni kipimo ambacho hata mwanafunzi wa wiki moja anakijua: risasi huchafua karatasi. Akasugua tena. Akaigeuza karatasi akasugua upande wa pili, kana kwamba upande wa pili ungemwonea huruma.

Chokaa! Wiki tatu zilizopita alipaka ukuta chokaa. Alizishusha roli zote mbili, akaziweka kwenye ndoo, na wakati wa kuzirudisha akazikunja moja baada ya nyingine sikioni. Hakusikia hii wala ile. Angeweza kuzisugua kwenye karatasi, kazi ya kufumba na kufumbua, lakini Fundi Sikio kuhangaika na karatasi kama mwanagenzi? Hata akiwa peke yake aliona aibu. Akazipima kwa uzito mkononi, akabahatisha, akazitundika. Na siku iliyofuata akaenda kwa dada yake kufunga koki, na waya ulipochelewa kuganda akadhani ni joto la shaba.

Hapo Fundi Sikio akakaa. Alikaa kwenye stuli yake, mikono magotini, kama dakika moja nzima, jambo ambalo majirani wangelihadithia wangeliona. Kisha akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

Dada yake alikuwa mpikaji pombe ya nyumbani, na alijivunia kazi hiyo bila kificho. Kimea alikiotesha mwenyewe, akakianika, akakisaga, akakiloweka kwa maji ya moto kwenye sufuria ya lita themanini. Kililala humo usiku kucha, kikaanza kuchachuka kidogo. Asubuhi aliyachuja maji yake matamu, akayachemsha, na yakipoa ndipo akayatia hamira. Zamani aliyachota kwa bakuli, mpaka siku alipoungua mkono. Ndipo mdogo wake akasema, Dada, nitakufungia koki chini ya sufuria, utafungua tu kama bombani.

Na aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Alinunua koki nzuri ya shaba ya manjano. Shaba hiyo nayo huwa na risasi kidogo usoni mwake, basi aliiloweka kwenye siki iliyochanganywa na ile dawa ya vidonda inayotoa povu, mpaka ikang'aa kama siagi. Aliisuuza mara tano. Alitoboa sufuria, akasawazisha tundu kwa tupa, akaingiza shingo ya koki. Zilipobaki hatua mbili, dada yake akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Usinigusishie moto kabla sijaliona sikio," alisema. "Mimi ni dada yako, na mimi nina haki ya kuliona."

Binti naye alikuwepo. Mumewe alikuwa kazini mbali, kwa hiyo alikuwa akiishi kwa shangazi yake mpaka atakapojifungua. Walisimama wote wawili, wamenyamaza, wanatabasamu. Fundi akainua mkono, akafumba macho, akakunja waya. Hakusikia kitu. Akaukunja tena. Kimya. Akafumbua macho, akawaona wanamngoja, akasema, "Unalia."

Siku ishirini na moja zilikuwa zimepita. Na fundi alijua kuwa kila asubuhi, kabla hajachuja ya kupika, dada yake alikuwa akifungua koki na kukinga kikombe cha kwanza kwa ajili ya mama mtarajiwa. Maji ya kimea yasiyotiwa hamira hayalevyi. Ni matamu, yana uchachu mdogo, na shangazi alishikilia kwamba yanatia damu. Lakini uchachu ndio unaoilamba risasi, na maji yaliyolala usiku kucha shingoni mwa koki ndiyo yanayoilamba kuliko yote, na ndiyo yanayotoka kwanza. Fundi hakuhitaji daktari wa kumweleza hayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wateja.

Alitia mfukoni spana, akachukua kutoka rafuni koki nyingine, ya chuma kisichoshika kutu, inayokazwa kwa nati na mpira bila lehemu. Akatoka bila kufunga mlango. Akarudi kuufunga. Akafika njia panda, akarudi kuangalia kama amezima gesi. Ilikuwa imezimwa. Akaondoka mara ya tatu, anatembea katikati ya barabara huku waendesha baiskeli wakimpigia kengele ambazo hakuzisikia.

Njiani akatunga uongo. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Angesema amepata koki bora zaidi, zawadi, akaibadilisha pale pale, akaondoka na ile ya zamani mfukoni. Binti angepona, na jina la Sikio lingepona pia. Aliupitia uongo huo mara kumi, akaona unasimama vizuri, na bado miguu yake haikupunguza mwendo.

Dada yake alikuwa jikoni, jasho linamtoka, kitambaa kimemkaa kichwani upande.

"Ee, leo umepotea njia?" akamwambia.

"Nimekuletea koki mpya."

"Iliyopo ina nini?"

"Haina kitu. Hii ni nzuri zaidi."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Imekwama?"

"Dada, nakwambia hii ni nzuri zaidi. Haishiki kutu."

"Na ile uliniambia haishiki kutu." Dada akamtazama kuanzia viatuni mpaka utosini. "Sufuria imejaa mpaka shingoni. Nimeloweka leo asubuhi, kesho nachuja, Jumamosi nina watu. Wewe unataka niimwage lita themanini kwa sababu umependa koki? Mdogo wangu, umekunywa nini, na kwa nani? Maana kwangu hujanywa."

"Nitashika tundu kwa kidole. Hutapoteza hata kikombe."

"Kidole! Maji yanachoma!" Akacheka, akamgeuzia mgongo kwenda kuondoa kifuniko cha chungu kingine, akaendelea kusema. Kwa kuwa alikuwa amempa mgongo, maneno yaliyofuata fundi hakuyapata hata moja. Alisimama ameishika spana, anatabasamu kuelekea kisogo cha dada yake, anatafuta uongo wa pili.

Dada akageuka. Macho yake yakapita juu ya bega la mdogo wake, yakatua nyuma, yakalainika. Fundi akageuka na yeye.

Binti yake alikuwa ameingia kwa mlango wa uani. Alikuwa ameshaifungua koki, ameshakinga, ameshaifunga. Maji yalikuwa yametiririka hatua mbili nyuma ya mgongo wa baba yake, na baba hakusikia tone. Kikombe kilikuwa kimejaa, mvuke unatoka, na kilikuwa kinakwenda mdomoni.

"Shikamoo, baba," binti alisema juu ya ukingo wa kikombe.

Fundi alikipiga kofi. Kikombe kikaruka, kikagonga ukuta, maji ya moto yakawamwagikia wote wawili mikononi, na binti akapiga kelele ambayo hata baba yake aliisikia.

"Umerukwa na akili?" Dada alikuwa ameshafika kati yao. "Unampiga mjamzito? Wewe! Unampiga mtoto wako akiwa na mimba?"

"Asinywe!"

"Kwa nini asinywe?"

Hapo ule uongo mzuri ulikuwa bado upo. Angeweza kusema koki ina uchafu, ameota vibaya, lolote. Alifungua mdomo ili auseme, na akamwona binti yake anapuliza mkono ulioungua huku ule mwingine umeshika tumbo, akashindwa.

"Lehemu ya koki ni ya risasi," akasema.

Jikoni pakawa kimya, naye kwa mara ya kwanza alikuwa sawa na wenzake.

"Ulisema unalia," dada akasema polepole.

"Nilisema."

"Nilisimama pale mlangoni. Ulikunja, ukafumba macho, ukasema unalia."

"Sikusikia kitu, Dada. Sisikii saa, sisikii mvua, sisikii mkinong'ona. Mwaka wa pili huu. Nilisema tu."

"Ulisema tu."

"Mlikuwa mnaningoja."

Fundi alitamani atukanwe. Badala yake dada alichukua matambara mawili, akayazungushia mishikio ya sufuria, akamwashiria kwa kidevu ashike upande wa pili.

"Shangazi, si tuyachemshe?" binti akauliza. "Yakichemka sana?"

"Risasi haichemki ikaisha, mwanangu," baba yake akamjibu. "Itabaki humo humo."

Wakaiburuta sufuria mpaka uani, wakaiinamisha. Lita themanini zilikwenda kwenye mfereji, na kuku wa jirani walipokuja kuona kuna nini, dada aliwafukuza kwa kandambili. Aliporudi ndani alikuwa anahema. "Kukosea nakuelewa," akamwambia mdogo wake. "Hata mimi nimewahi kuunguza chungu kizima. Lakini wewe ulikuwa unajua kwamba hujui, ukaniwekea jikoni." Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alhamisi asubuhi baba na binti walikaa kwenye benchi la kituo cha afya. Yaani binti alikaa. Fundi alisimama, akasoma mabango yote ukutani, ya chanjo, ya kunawa mikono, ya kupanga uzazi, akayarudia kuanzia mwanzo. Muuguzi alikuwa ameshatoa damu na kuuliza maswali: vikombe vingapi kwa siku, kwa siku ngapi, asubuhi au mchana. Kila swali fundi alikuwa amemjibia binti yake, mpaka muuguzi akamwambia kwa adabu, "Mzee, mjamzito ni huyu." Damu ingepelekwa maabara ya mbali. Majibu ni baada ya wiki.

"Baba, njoo ukae," binti akasema. Ilibidi aseme mara ya pili, kwa sauti, akimvuta shati. Fundi akakaa ukingoni kabisa, goti linatikisika.

"Nataka nikwambie kitu, na usikasirike."

"Nina haki gani ya kukasirika?"

Binti alimgeukia ili midomo yake ionekane vizuri. Alikuwa ameshajifunza hilo kwa siku moja. "Siku ile ya koki nilisimama karibu yako. Karibu kuliko shangazi. Jikoni palikuwa kimya, hata moto ulikuwa haujawashwa. Nilisikiliza na mimi."

"Ukasikia nini?"

"Sikusikia kitu."

Goti la fundi likaacha kutikisika.

"Ulivyokunja mara ya pili nikasogeza kichwa," binti akaendelea. "Kimya tu. Halafu wewe ukasema unalia. Nikajiambia, sikio langu mimi ni la hivi hivi. La baba ndilo linalosikia. Wiki ya kwanza kuna siku nilikishika kikombe nikakumbuka. Nikajicheka. Nikanywa."

Fundi Sikio alilia pale pale kwenye benchi, mbele ya wajawazito sita na mtu mmoja mwenye bandeji kichwani. Hakujua kama analia kwa sauti au kimya, na hakuna aliyemwambia.

Wiki hiyo ilimtesa. Hakugusa moto. Alipekua kumbukumbu zake, chombo kwa chombo, tangu siku ya chokaa: taa, taa, beseni la kufulia, taa, birika ya kinyozi. Akaenda mbio kwa kinyozi, akaichukua birika ikiwa bado na chai.

"Kaka, nimeilehemu kwa risasi," akasema, mbele ya wateja waliofungwa mashuka shingoni. "Sikio langu limekufa. Nitakununulia mpya."

Kinyozi alidhani anataniwa, akacheka, kisha akaitazama birika, kisha akamtazama fundi, akaacha kucheka, akauliza kuhusu watoto wake. Wote wakaenda kupimwa. Usiku fundi alilala vipande vipande, mchana alizunguka. Kila siku saa kumi alipita nje ya nyumba ya dada yake, akaona koki iliyong'olewa imewekwa kwenye dirisha la jikoni, mahali ambapo hangeweza kuikosa, akaendelea na safari yake isiyokuwa na mwisho.

Majibu yalipokuja, muuguzi aliwaita watu watatu, maana safari hii dada naye alikuja, ingawa alikaa upande wa pili wa binti. Damu za watu wa kinyozi zilikuwa safi, kwa kuwa maji ya chai si makali wala hayalali kwenye birika. Ya binti ilikuwa na risasi. Si nyingi, muuguzi alisema, lakini ni juu ya kile tunachopenda kukiona kwa mjamzito. Aache kabisa chanzo, ale vizuri, apewe vidonge vya madini, apimwe tena kila mwezi. Mtoto atapimwa akizaliwa na kufuatiliwa anavyokua.

"Atakuwa mzima?" fundi akauliza.

"Mmewahi kuliko wengi wanaokuja hapa," muuguzi akasema. "Zaidi ya hapo sitakudanganya, mzee."

Nje ya geti dada alisimama, akafungua mkoba, akatoa koki ile ya chuma kisichoshika kutu. Ilikuwa imebaki jikoni kwake tangu siku ya sufuria. "Kesho uje uifunge," akamwambia mdogo wake. Hilo lilikuwa neno la kwanza baada ya siku nane. "Nati na mpira. Kwangu lehemu isiingie tena, iwe ya bati, iwe ya dhahabu."

Aliifunga. Alikaza nati, akajaza sufuria maji matupu, akalala kifudifudi sakafuni na taulo kavu chini ya koki kwa saa nzima, kwa kuwa tone likidondoka asingelisikia. Taulo likabaki kavu. Dada alimruka mara tatu akipita na vyungu, na mara ya nne akamwekea sahani ya chakula karibu na kichwa.

Mwezi uliofuata risasi ya binti ilikuwa imeshuka, na mwezi wa pili ikashuka tena. Tumbo lilikuwa kubwa sasa. Mtoto alicheza sana, hatulii, na shangazi alisema hilo halihitaji kupimwa, damu ya babu yake hiyo. Roli zote mbili za zamani fundi alizifunga kwenye mfuko akazipeleka kwa watu wa betri chakavu. Alitaka kuanza upya, na alipokwenda duka la vifaa kununua lehemu, binti yake akamfuata.

Duka lilikuwa limejaa. Mwenye duka alimwona, akapiga kaunta kwa furaha. "Fundi Sikio! Siku nyingi! Nina lehemu mpya, imeingia jana, haina risasi hata chembe. Lakini nakuhakikishia nini mimi? Jisikilizie mwenyewe." Akakata kipande kirefu akampa, akageukia wateja. "Kimya jamani, muone kazi."

Watu wakanyamaza. Wengine waliwahi kuliona tamasha, wakawanong'oneza ambao hawajaliona. Fundi alikuwa ameushika waya, na wote walikuwa wanamtazama kama siku zile zote. Akampa binti yake.

Binti akauweka karibu na sikio, akaukunja. Akaukunja tena, taratibu, amekaza uso.

"Sisikii kitu, baba."

Mwenye duka akacheka. "Mama, hiyo si kazi ya kila mtu. Huo ni ujuzi wa mzee. Na lehemu hii nimeuziwa na watu ninaowaamini. Hebu fundi, wewe mwenyewe. Mwambie."

"Mimi sisikii," fundi akasema. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka waliokuwa nje mlangoni wakageuka. "Ni mwaka wa pili sasa, sikio limekufa. Huyu ndiye anayesikia, na amesema haulii." Akauweka waya juu ya kaunta, akausukuma kwa kidole mpaka ukamfikia mwenye duka. "Tuletee mwingine."